Je, Wajua? Plastiki Tumboni mwa Panya, Chaza na Krili

Plastiki haiozi kama ganda la ndizi. Hukakamaa kwa jua, hupasuka, husagwa na mawimbi na magurudumu ya magari, na kila kipande huzaa vingine vidogo zaidi hadi jicho lisivione tena. Mwaka 2004 Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, na wenzake walieleza katika jarida la Science jinsi walivyovikuta vipande hivyo kwenye mchanga wa fukwe na ndani ya maji ya bahari. Siku hizi vinaitwa mikroplastiki, yaani chembe za plastiki zisizofika milimita 5. Zimo kwenye chumvi, maji ya chupa, samaki na vumbi la nyumbani, nasi tunazimeza kila siku.

Hakuna daktari anayeruhusiwa kumlisha mtu plastiki kwa makusudi ili aone kitakachompata. Kazi hiyo wamebebeshwa wanyama wa maabara. Matokeo yao yanatajwa sana, mara nyingine kwa haraka mno. Yamo ya kutisha kwelikweli, na yamo yaliyokuzwa kupita kiasi. Haya ni baadhi yake.

Utumbo hauzuii kila kitu

Wengi tunaamini kwamba kitu kisichoyeyushwa tumboni hutoka chote na choo. Kwa sehemu kubwa ya plastiki inayomezwa, hilo ni kweli. Lakini mwaka 1844 Mjerumani Gustav Herbst alikwishaeleza kuwa punje nzima za wanga walizolishwa mbwa zilionekana ndani ya damu yao. Zaidi ya karne moja baadaye, daktari Gerhard Volkheimer wa Berlin alirudia majaribio ya aina hiyo, safari hii akitumia unga wa plastiki ya PVC. Aliwalisha mbwa, sungura, kuku na nguruwe, kisha akazikuta chembe za PVC kwenye damu yao. Aliyachapisha hayo mwaka 1975, wakati ambapo karibu hakuna mtu aliyekuwa na wasiwasi na plastiki kwenye chakula.

Jambo linaloamua safari ya chembe ni ukubwa wake. Unywele mmoja wa kichwa una unene wa mikromita 70 hivi, na seli nyekundu ya damu ina upana wa mikromita 7 au 8. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tiba cha Vienna waliwanywesha panya chembe za polistirini za ukubwa wa aina tatu: mikromita 9.55, 1.14 na 0.293. Saa mbili tu baada ya kunyweshwa, zile ndogo kabisa zilikuwa zimeonekana ndani ya ubongo. Zile kubwa mbili hazikuonekana huko. Ubongo una kizuizi madhubuti cha kuchuja kinachotoka kwenye damu, na dawa nyingi hushindwa kukipita, ila chembe hizo zilikipita. Kwa maelezo ya watafiti hao, chembe inapozungukwa na aina fulani za molekuli, hasa kolesteroli, kuvuka kwake huwa rahisi zaidi.

Mwaka huohuo, huko Chuo Kikuu cha Rutgers nchini Marekani, panya wenye mimba walinyweshwa chembe za nanomita 25, yaani ndogo kuliko zile za Vienna kwa zaidi ya mara kumi. Siku moja baadaye plastiki ilikuwa kwenye kondo la nyuma na katika viungo vya watoto waliokuwa bado tumboni.

Ute unapopungua

Ukuta wa ndani wa utumbo umepakwa ute mzito unaozuia bakteria na uchafu visiuguse moja kwa moja. Mwaka 2018 watafiti wa Hangzhou, China, walichanganya polistirini kwenye maji ya kunywa ya panya kwa muda wa wiki tano. Ute wa utumbo ukapungua, mchanganyiko wa bakteria ukabadilika, na jinsi ini linavyoshughulikia mafuta ikavurugika. Majaribio mengine kadhaa yamepata matokeo yanayofanana na hayo. Kwa maoni yangu, huu ndio ushahidi wa panya unaostahili uzito mkubwa kuliko mwingine wote, kwa sababu hauhitaji chembe ivuke kwenda popote. Inatosha ipite tu.

Chaza wanaoshindwa kuzaa

Chaza hula kwa kuchuja maji. Anayavuta ndani, anabakiza vijimea na kuyarudisha maji baharini. Chembe yenye ukubwa wa kijimea inaweza kumezwa kama kijimea.

Kwenye kituo cha taasisi ya bahari ya Ifremer karibu na Brest, Ufaransa, chaza wa Pasifiki waliwekwa kwa miezi miwili kwenye maji yenye chembe za polistirini za mikromita 2 na 6. Muda huo ulichaguliwa kwa sababu maalumu, kwani ndipo chaza hujitayarisha kuzaa. Matokeo yalitoka mwaka 2016. Majike walitoa mayai pungufu kwa asilimia 38 wakilinganishwa na wenzao wa maji safi. Mbegu za madume zilipunguza mwendo kwa asilimia 23. Na mayai hayo yalipokutana na mbegu hizo, viluwiluwi waliopatikana walikuwa pungufu kwa asilimia 41, ingawa watoto hao wenyewe hawakuwahi kuwekwa kwenye plastiki.

Chaza wazazi hawakufa, na mtu akiwatazama kwa nje angesema ni wazima. Kilichotokea ni kwamba nguvu ambayo ingetengeneza mayai ilielekezwa kwingine. Ndiyo sababu hesabu ya wanyama waliokufa haitoshi kupima madhara. Mnyama anaweza kuishi, ila kizazi chake kikapungua.

Mnyoo wa pwani anayeishi kwenye matope ameonyesha jambo lilelile. Wanasayansi wa Uingereza waliwaweka minyoo hao kwenye matope yenye PVC kwa asilimia 5 ya uzito, na akiba yao ya nishati ikashuka hadi nusu.

Samaki aliyepoteza hamu ya kuzunguka

Katika Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, Tommy Cedervall na wenzake hawakuwapa samaki plastiki moja kwa moja. Waliitia kwanza kwenye vijimea, vijimea vikaliwa na dafnia, mdudu mdogo wa maji baridi aliye wa jamii ya kamba, na dafnia akaliwa na samaki. Chembe zenye vipimo vya nanomita zilipanda ngazi zote hizo hadi kwenye ubongo wa samaki. Samaki walioathirika walikula polepole zaidi na hawakuchunguza mazingira yao kama wenzao.

Huko Chuo Kikuu cha Rhode Island, Marekani, panya waliokunywa maji yenye plastiki kwa wiki tatu nao walibadilika mienendo, na mabadiliko yalikuwa makubwa zaidi kwa waliozeeka. Mwaka 2025 watafiti wa China walitumia darubini ndogo iliyofungwa juu ya kichwa cha panya aliye hai, wakaona seli za kinga zikizimeza chembe za plastiki zilizokuwa kwenye damu, kisha seli hizo zilizovimbiwa zikikwama kwenye vijishipa vyembamba vya ubongo na kuzuia damu isipite. Watafiti wenyewe wanakumbusha kuwa mishipa ya panya ni myembamba kuliko ya binadamu.

Krili, mashine ya kusaga

Krili wa Antaktika, chakula kikuu cha nyangumi wengi, ana meno ya kusagia ndani ya tumbo lake. Mwaka 2018 Amanda Dawson wa Chuo Kikuu cha Griffith, Australia, na wenzake walitangaza kwamba krili waliolishwa chembe za polithini za mikromita 31.5 walizitoa zikiwa zimevunjwa vipande visivyofika hata mikromita 1. Mnyama amegeuza mikroplastiki kuwa nanoplastiki, na tumeshaona kwamba hizo ndogo ndizo zinazofika mbali mwilini. Plastiki aliyoimeza krili inatoka kwake ikiwa tayari kwa safari ya ndani zaidi kwenye mwili wa mwingine.

Ni kiasi gani hasa wanalishwa?

Hapa panahitaji utulivu. Mwaka 2019 shirika la WWF lilieneza makadirio ya Chuo Kikuu cha Newcastle, Australia, kwamba mtu anaweza kumeza hadi gramu 5 za plastiki kwa wiki, sawa na uzito wa kadi ya benki. Habari hiyo ilisambaa duniani kote na bado inarudiwa hadi leo. Miaka miwili baadaye watafiti wa Wageningen, Uholanzi, walikokotoa upya kwa kutumia takwimu za vyakula vya aina nane pamoja na hewa, wakapata kwamba mtu mzima wa wastani hupata chembe 883 kwa siku. Idadi hiyo ni kubwa, ila uzito wake wote ni nanogramu 583. Kwa wiki ni mikrogramu 4 na ushee. Kati ya makadirio haya mawili kuna tofauti ya zaidi ya mara milioni moja.

Sasa turudi kwa panya. Utafiti mashuhuri wa China wa mwaka 2017 uliripoti chembe kwenye ini, figo na utumbo wa panya baada ya wiki nne. Kipimo chake kidogo kabisa kilikuwa miligramu 0.01 kwa siku. Panya ana uzito wa gramu 25 hivi. Ukilinganisha kwa kila kilo ya mwili, panya huyo alipata takribani mara 40,000 ya kile ambacho Wageningen wanakadiria kwa mtu wa kilo 60, na hicho ni kipimo cha chini. Cha juu kilikuwa mara 50 zaidi ya hapo.

Kisha taasisi ya serikali ya Ujerumani inayopima hatari za vyakula, iliyoko Berlin, ikafanya jaribio lake. Panya walinyweshwa chembe za mikromita 1, 4 na 10 kwa siku 28. Zilizoingia kwenye ukuta wa utumbo zilikuwa chache sana, na tishu hazikuonyesha dalili ya uvimbe. Wataalamu wa taasisi hiyo waliukosoa hadharani utafiti wa mwaka 2017.

Nani tumwamini? Kumpa mnyama kipimo kikubwa ni desturi ya kawaida ya elimu ya sumu, maana husaidia kujua ni kiungo gani kitaumia kwanza. Tena panya hula kwa wiki chache, ilhali mtu hula kwa miaka 70. Makadirio ya Wageningen yenyewe yalianzia kwenye chembe za mikromita 1, kwa hiyo zile ndogo zaidi hazimo kwenye hesabu. Kwa sababu hizo siwezi kusema panya wa kipimo kikubwa hawana maana. Ila kichwa cha habari kinachosema plastiki inaharibu ini, bila kutaja kiasi, kinamnyima msomaji jambo la kwanza alilopaswa kuambiwa.

Wakati mwingine si plastiki iliyoua

Maabara nyingi hununua chembe za polistirini zilizotengenezwa zikiwa mviringo kamili, zimetiwa rangi inayong'aa chini ya mwanga maalumu ili zionekane kirahisi. Huuzwa zikiwa ndani ya maji yenye dawa ya kuzuia vijidudu, na mara nyingi dawa hiyo ni azidi ya sodiamu, ambayo ni sumu. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walionyesha kuwa dafnia walikuwa wakidhurika kwa dawa hiyo, wakati lawama zote zilikuwa zikiangukia plastiki. Chembe zikisafishwa vizuri, vifo hupungua.

Wengine wakagundua kwamba rangi yenyewe huvuja. Mtafiti anaona mwanga ukimetameta ndani ya tishu na kudhani chembe imepenya, kumbe iliyopenya ni rangi. Na kuna hili la umbo. Plastiki tunayoimeza si mipira laini ya polistirini. Mara nyingi ni nyuzi za nguo na vigae vyenye ncha kali vya polithini na polipropilini, aina ambazo wanyama wa maabara wamelishwa mara chache zaidi.

Upo pia udanganyifu. Mwaka 2016 jarida la Science lilichapisha utafiti kutoka Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, uliodai kwamba samaki wachanga hupendelea kula plastiki kuliko chakula. Habari hiyo ilizunguka dunia. Wanasayansi wengine waliokuwepo kwenye kituo cha utafiti walitilia shaka kama jaribio lilifanyika kama ilivyoelezwa, uchunguzi ukafanywa, na mwaka 2017 makala ikafutwa.

Kizimba chenyewe kilipogeuka sumu

Kisa hiki hakihusu chembe za kumeza. Kinahusu kinachovuja kutoka kwenye plastiki, na nimekiweka kwa sababu sijui kingine kinachofundisha zaidi kuhusu wanyama wa maabara.

Mwaka 1998 mtaalamu wa jenetiki Patricia Hunt alikuwa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve mjini Cleveland, Marekani, akichunguza kwa nini mayai ya majike huwa na hitilafu za kromosomu. Katika kila jaribio la namna hiyo kuna kundi la panya wasioguswa, wa kulinganishia. Ghafla mayai ya kundi hilo yakaharibika. Kwa kawaida mayai ambayo kromosomu zake zimeshindwa kujipanga sawasawa yalikuwa karibu asilimia 2. Yakafika asilimia 40. Hakuna kilichobadilishwa, si chakula, si panya, si vifaa.

Baada ya kutafuta kwa muda mrefu, jibu lilipatikana kwenye sinki la kuoshea. Mfanyakazi wa muda alikuwa ameosha vizimba vya panya na chupa za maji, vyote vya polikaboneti, kwa sabuni kali isiyokusudiwa kwa kazi hiyo. Plastiki ikachubuka, na bisfenoli A, kemikali inayotumika kuitengeneza, ikawa inavuja taratibu kwenye maji na kuingia kwa panya. Hunt na wenzake waliharibu vizimba vingine kwa makusudi, kisha wakawapa panya wengine bisfenoli A yenyewe, na kila mara hitilafu ilirudi. Walichapisha mwaka 2003. Mwaka 2018, akiwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, kundi lake liliripoti tukio la aina ileile kwenye vizimba vya plastiki nyingine, na safari hii kilichovuja kilikuwa bisfenoli S, mojawapo ya kemikali zilizoletwa kuchukua nafasi ya ile ya kwanza.

Panya wameathiri sheria pia. Mwaka 2011 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku bisfenoli A kwenye chupa za watoto wachanga. Mwaka 2023 mamlaka ya Ulaya ya usalama wa chakula ilipunguza kiwango kinachovumilika kwa siku kutoka mikrogramu 4 hadi nanogramu 0.2 kwa kila kilo ya mwili, yaani mara 20,000. Ushahidi uliobeba uamuzi huo ulikuwa ongezeko la aina fulani ya seli za kinga kwenye panya. Mwishoni mwa 2024 marufuku ikapanuliwa hadi kwenye vyombo na vifungashio vya chakula.

Wadudu wanaoishi kwa kula plastiki

Mwaka 2015 watafiti wa Beijing na wa Stanford walitangaza kwamba funza wa mende wa unga wanaweza kula ile plastiki nyeupe ya povu inayofungiwa televisheni mpya. Karibu nusu ya kaboni iliyokuwamo iligeuka hewa ukaa, na iliyobaki ikatoka na kinyesi. Mwaka 2024 wanasayansi wa icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu yenye makao Nairobi, walieleza kuhusu funza wa Kenya wenye uwezo huo. Funza hao walistawi zaidi plastiki ilipochanganywa na pumba kuliko walipopewa plastiki peke yake.

Kuishi si kunawiri. Huko Queensland, Australia, mwaka 2022, funza wakubwa waliolishwa polistirini tupu kwa wiki tatu walibaki hai na kuongezeka uzito kidogo, lakini bakteria wao wa utumbo walipungua aina, na wale wa kuleta magonjwa wakapata nafasi.

Kutoka Mwanza hadi kwenye chupa ya mtoto

Mwaka 2016 kundi la watafiti lililomjumuisha Mtanzania Fares Biginagwa lilichapisha ushahidi wa kwanza wa mikroplastiki katika Maziwa Makuu ya Afrika. Walinunua sangara na sato Mwanza, wakapasua matumbo, na katika asilimia 20 ya kila aina wakathibitisha plastiki. Kwa sangara na sato, utumbo hutolewa kabla ya kupika, na sehemu kubwa ya chembe huondoka nao. Dagaa huliwa mzima, na utumbo wake. Kwa hiyo chembe zilizomo tumboni mwa dagaa zinafika mezani.

Lakini si samaki tu. Joto nalo huongeza plastiki kwenye chakula, na jikoni zetu zina mazoea ya kutazamwa upya: wali unaofunikwa kwa mfuko wa plastiki ili uive kwa mvuke, matoke yaliyokuwa yakifungwa kwa majani ya mgomba na sasa yanafungwa kwa kaveera, yaani mfuko wa plastiki, chai ya moto kwenye kikombe cha plastiki. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo cha Trinity, Dublin, walipima chupa za kunyonyeshea za polipropilini. Kwa maji ya nyuzi 25, lita moja ilipata chembe laki 6. Kwa nyuzi 95, zilifika milioni 55. Nao walitoa utaratibu kwa wazazi: chemsha maji kwenye chombo kisicho cha plastiki, suuza chupa iliyotakaswa mara tatu kwa maji hayo yakiwa yamepoa, korogea maziwa ya unga kwa maji ya moto kwenye chombo cha kioo au cha chuma, yaache yapoe, ndipo uyamimine kwenye chupa ya mtoto.